Kabla hujazungusha ufunguo: gari moja la gia, madereva watatu

Mkinunua gari la gia za mkono litakaloendeshwa na watu zaidi ya mmoja, msiishie kuulizana kama kila mmoja ana leseni. Ulizaneni mnaliachaje mkishaliegesha, na mnaliwashaje asubuhi. Sisi hatukuulizana. Tulilipia jambo hilo kwa bega la mtu, kwa rejeta, na kwa asubuhi ambayo mtoto wa jirani angeweza kufia uani kwetu. Naandika kwa sababu najua familia nyingi za huku zina gari moja linalozunguka mikononi mwa watu wengi kama letu.

Biashara yetu ni mayai. Mimi naishi Nakuru, upande wa Kiamunyi, na nakusanya mayai kwa wafugaji wa Njoro na Bahati. Kwao mume wangu ni Vihiga, mlimani karibu na Majengo, na mdogo wake ndiye anayeuza Kisumu: Kibuye, Kondele, Nyalenda. Kwa muda mrefu tulituma mzigo kwa matatu, trei zikishuka na kupakiwa na watu wasiojua ni za nani, na kila wiki kulikuwa na hasara ya kuvunjika. Tukachangishana tukanunua Probox, gari dogo la mizigo la Toyota, iliyokwisha kutumika hapa nchini. Tulichagua ya gia za mkono kwa sababu bei yake ilikuwa chini ya ile ya otomatiki, na kwa sababu barabara yetu ni ya kupanda na kushuka: Nakuru, Salgaa, Mau Summit, Kericho, kisha unateremka Awasi na Ahero mpaka ziwani, na kutoka Kisumu unapanda tena Mamboleo na Kiboswa hadi nyumbani.

Jambo la leseni nilitaje mapema, maana lilitusumbua. Siku hizi NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, hutenganisha madaraja ya leseni: mwenye B1 anaruhusiwa gari dogo la otomatiki peke yake, na wa gia za mkono anahitaji B2. Mume wangu alipata leseni yake kwa gari la otomatiki, kwa hiyo Probox hii haigusi. Kama unamtafutia kijana wako shule ya udereva na hujui atakuja kuendesha nini, mwandikishe kwa gari la gia. Aliyejifunza la gia ataliendesha la otomatiki bila kufanya mtihani mwingine.

Basi madereva tukawa watatu. Mimi, shemeji, na Mzee, jirani yetu wa Majengo aliyeendesha malori ya masafa marefu hadi akastaafu, ambaye tulimwomba atusaidie safari za usiku na za mvua. Wote wawili wananizidi uzoefu kwa mbali, na kwa sababu hiyo sikuona haja ya kuwachunguza. Lakini nilipoanza kusafiri nao, niliona kwamba kila mmoja ana namna yake ya kuliwasha gari, na kila namna ilitokana na gari la kwanza lililomfundisha.

Shemeji alijifunzia kwenye matatu, Kisumu mjini. Mji ule sehemu kubwa umekaa tambarare kando ya ziwa, na steji zake magari hubanana hadi bampa zinagusana. Gari likiachwa kwenye gia pale, linafunga njia ya wenzake, kwa sababu hawawezi kulisogeza kwa mikono. Kwa hiyo kwake kuacha gari kwenye fri, yaani bila gia yoyote, ni adabu ya steji. Handibreki huvuta pale tu ardhi inapoinama. Na kuwasha, huwasha akiwa amesimama nje: anapitisha mkono dirishani, anazungusha ufunguo, injini inanguruma, naye anaendelea kupanga mizigo huku gari likipata joto. Klachi haigusi, maana miguu yake iko chini kwenye vumbi.

Mzee ni kinyume chake kabisa. Yeye haamini handibreki ya gari lolote. Akisimama, huzima injini, hutia gia, na kwenye mteremko huongeza jiwe nyuma ya tairi. Pua ya gari ikitazama juu, hutia gia ya kwanza; ikitazama chini, hutia rivasi. Sababu yake ni nzuri: waya wa handibreki hulegea polepole bila kukuarifu, lakini gia ikiwa imeingia, magurudumu hayawezi kuzunguka bila kuizungusha injini yenyewe, na injini iliyozimwa hukaza. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo kwenye barabara ya Salgaa na Sachangwan ana haki ya kuiogopa fri. Mteremko ule umeua watu wengi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa mara kwa mara ni madereva wa malori kutoa gia ili washuke kwa fri wakiokoa dizeli, halafu breki zikapata moto na kukataa. Mzee hushuka pale kwa gia ya chini, na akifika nyumbani huliacha gari na gia vilevile.

Wakati wa kuwasha, huketi kwanza, hukanyaga klachi hadi chini, hulishika gia, ile fimbo yenyewe, na kulitikisa kushoto na kulia, na kabla ya kuzungusha ufunguo hukanyaga mafuta mara mbili. Hayo ya mafuta niliyauliza. Akanieleza kwamba magari ya kabureta yalihitaji petroli ya ziada asubuhi, ukivuta choki na kupiga pedali kidogo. Probox ni ya injeksheni. Kompyuta ndiyo inayopima petroli, na kukanyaga pedali kabla ya kuwasha hakuongezi kitu. Mguu wake tu ndio haujaacha.

Mimi nilifundishwa Nakuru na mwalimu mmoja mkali sana. Baada ya wiki za kusukuma kigari cha kuchezea kwenye ubao wa mji, alinipeleka barabarani upande wa Lanet, na hakuniruhusu kugusa ufunguo kabla sijafanya mambo matatu kwa mpangilio: handibreki, klachi, gia. Akasema gia usilitazame, litikise. Likicheza kwa upana kulia na kushoto, uko kwenye fri. Likiwa gumu na linarudi palepale, kuna gia imeingia. Macho yanaweza kukudanganya, hasa kwenye gari lenye gia lililolegea kwa uzee, ambalo hata likiwa ndani ya namba tatu linaonekana liko katikati.

Ukiniuliza ni nani kati yetu aliyekuwa na tabia mbaya, sikupi jibu la haraka. Kwenye gari lake mwenyewe, shemeji hakuwahi kupata ajali, kwa sababu alikuwa na hakika ameliacha kwenye fri. Kwenye lori lake, Mzee hakuwahi kupata ajali, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeligusa. Hatari ilizaliwa siku tulipoziweka tabia hizo mbili ndani ya gari moja.

Dalili zilikuwepo. Ya kwanza ilikuwa Kericho. Mvua ilituzuia tukalala, na asubuhi ilikuwa ile baridi ya mashamba ya majani chai inayofanya mtu apulizie mikono. Shemeji akazungusha ufunguo bila klachi, stata, ile mota inayoizungusha injini ianze kuwaka, ikavuta kwa uvivu, taa za dashibodi zikafifia, gari likakataa. Akarudia, ikawa vilevile. Mzee akamwomba kiti, akakanyaga klachi hadi chini, na injini ikawaka. Si uchawi. Ukiacha klachi juu, hata gia ikiwa fri, stata inazungusha injini pamoja na shafti ya kuingilia giaboksi, ambayo imelala ndani ya oili iliyoganda kwa baridi. Ukikanyaga klachi unakata mzigo huo, na betri iliyochoka inapumua. Kisumu kwenye joto hutaiona tofauti hiyo. Ukilala Kericho, Molo au Timboroa utaiona.

Nimesema dalili kwa sababu ya jambo ambalo sote tuliliona asubuhi ile na hatukulifikiria: stata ilizunguka bila klachi kukanyagwa. Nitarudi hapo.

Fundi wetu wa Nakuru alipoisikia habari ya Kericho alimpinga Mzee. Anasema kukanyaga klachi wakati wa kuwasha kunaila injini, na hoja yake nimeikuta na kwa mafundi wengine, kwa hiyo naieleza kama ilivyo. Ukikanyaga klachi, unaisukuma krenkishafti, ile shafti kuu ya injini, kwa mbele. Kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyoizuia isitembee huku na huku, na vipande hivyo hulindwa na oili. Gari likilala usiku kucha, oili imeteremka chini, na ile sekunde ya kwanza ya kuwaka vinasuguana karibu vikavu. Ni kweli. Kwenye injini kuukuu yenye klachi ngumu ni jambo la kuangaliwa. Lakini nimelipima pande zote mbili, na uamuzi wangu ni kukanyaga klachi. Vipande vile vikilika, vitalika kwa miaka, na fundi atakuambia mapema krenkishafti ikianza kucheza. Gari likiruka, linaruka mara moja. Mwenye injini anayoihurumia aketi kitini, atikise gia mpaka aridhike ni fri, avute handibreki, ndipo aachie klachi na kuwasha. Asimame nje afanye hivyo? Hapana.

Sasa asubuhi yenyewe.

Mzee alifika na mzigo usiku, akaliegesha gari uani Majengo. Ua wetu umeinama, kama nyua nyingi za Maragoli. Pua ya gari ilitazama juu, kuelekea ukuta wa jiko. Akatia gia ya kwanza, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akaning'iniza ufunguo mahali pake, akaenda kulala kwake. Alifanya kila kitu sawasawa.

Alfajiri shemeji akaja kulichukua alipeleke Kibuye. Kijana wa jirani, mvulana wa sekondari anayetusaidia kupakia wakati wa likizo, alikuwa mbele ya gari akifuta umande kwenye kioo. Nilikuwa mlangoni nikihesabu trei. Kijana akaniambia, "Mama, maji yameisha," nikamwambia akachote mengine kwenye pipa. Akaondoka na ndoo. Shemeji akapitisha mkono dirishani akazungusha ufunguo.

Gari lilishtuka mbele, likashtuka tena, halafu injini ikashika. Watu hudhani gari lililo kwenye gia litatikisika tu na kuzima, kwa sababu ndivyo linavyofanya mtu akiachia klachi vibaya barabarani. Lakini stata ni mota yenye nguvu, na gia ya kwanza huizidishia nguvu hiyo. Inaweza kulisogeza gari zima, hata kwa kupanda, hata likiwa na mzigo. Na injini ya injeksheni huwaka haraka sana, na ikishawaka kompyuta hujitahidi isizime. Jiwe halikusaidia, kwa sababu lilikuwa nyuma. Handibreki ilikuwa imeachwa chini, kwa sababu Mzee haiamini. Mkono wa shemeji ulinaswa kati ya usukani na fremu ya dirisha, akaburutwa hatua kadhaa hadi gari lilipoupiga ukuta na kuzima lenyewe.

Kijana alikuwa bado anachota maji. Mahali alipokuwa amesimama palikuwa na bampa iliyovunjika, matofali, na kitambaa chake alichokiacha juu ya boneti. Sikuweza kuongea kwa muda. Hata leo nikimwona anapita na sare ya shule, mikono hulegea.

Bega la shemeji lilitoka mahali pake. Tulimkimbiza hospitali, likarudishwa, na hakuendesha wala kubeba trei kwa karibu miezi miwili, ambayo kwa muuzaji wa mayai ni miezi miwili ya wateja kuzoea muuzaji mwingine. Rejeta ilipasuka, bampa na taa moja ya mbele zikaenda. Kwa vipuri vilivyotumika na ufundi tulitoa kama shilingi 30,000, mbali na hospitali, mbali na ukuta, na mbali na mayai yaliyokuwa tayari yamepakiwa. Bima yetu ilikuwa ile ya kulipa watu wengine tu, kwa hiyo gari letu tulilitengeneza wenyewe. Wenye gari la biashara wanaofikiria kupunguza gharama kwenye bima walijue hilo kabla.

Kilichouma zaidi ya pesa ni lawama. Kwa siku kadhaa shemeji alisema Mzee aliliacha gari kwenye gia kama mtego. Mzee naye, kwa upole wake, alisema hajawahi kuona mtu anaendesha gari akiwa nje ya gari. Mume wangu alivutwa huku na huku. Ilikuwa karibu watu wawili wazima wanaoheshimiana waachane kwa ajili ya jambo ambalo kila mmoja alilifanya kama alivyofundishwa.

Aliyetutoa hapo ni fundi wa Kisumu aliyekuwa akifunga rejeta. Akaniuliza, "Madam, hii gari iliwakaje na gia ndani bila klachi? Hii haifai kuwaka." Akalala chali chini ya usukani na tochi ya simu mdomoni, akanionyesha. Juu ya pedali ya klachi kuna swichi ndogo, haizidi kidole gumba. Kwenye gari letu waya zake mbili zilikuwa zimekatwa, zikasokotwa pamoja, zikazungushiwa tepu nyeusi ambayo gundi yake ilishayeyuka na kushika vumbi na manyoya ya kuku. Swichi yenyewe ilikuwa bado iko mahali pake, ikining'inia bila kazi.

Tangu mwaka 1999 sheria za Japani zinataka magari mapya ya gia za mkono yawe na mfumo huo: stata isipate umeme mpaka klachi ikanyagwe hadi chini. Probox zilianza kutengenezwa mwaka 2002, kwa hiyo letu lilitoka kiwandani nao. Kinachotokea ni hiki. Kwenye pedali kuna kizibo kidogo cha plastiki kinachoibonyeza swichi. Kikizeeka kinapasuka na kuanguka, swichi haibonyezwi tena, na siku hiyo gari linakataa kabisa kuwaka, mara nyingi mahali pabaya. Fundi wa haraka anaunganisha waya, gari linawaka, mwenye gari anashukuru. Kisha linauzwa, na mnunuzi anafurahia kwamba linawaka hata bila klachi. Kulirudishia gari letu mfumo wake kulikuwa kazi ya muda mfupi, na kizibo ndicho kilichokuwa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua wiki ile.

Kwa hiyo ukienda kukagua gari la gia la Kijapani, fanya jaribio hili kabla ya kusikiliza injini. Hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma. Keti, vuta handibreki, tikisa gia mpaka uhakikishe ni fri, halafu zungusha ufunguo bila kugusa klachi. Stata ikizunguka, kuna mtu aliunganisha waya. Hilo si sababu ya kuliacha gari, ila ni sababu ya kudai litengenezwe, na ya kujiuliza ni nini kingine kiliunganishwa kwa haraka. Kwa magari ya zamani zaidi, na kwa malori mengi, usitegemee swichi yoyote. Miguu na mkono wako ndivyo swichi.

Shemeji alipopata nafuu tuliketi wote, na mume wangu akiwepo. Nilikuwa nimeogopa kikao hicho, kwa sababu mimi ni mke wa nyumba ile na Mzee ni wa rika la baba mkwe wangu. Nikaanza kwa kumwomba Mzee atueleze kwa nini hutia gia, na shemeji atueleze kwa nini hutia fri. Walipomaliza, hakuna aliyebaki na la kumlaumu mwenzake. Huo ndio ushauri ninaoutilia mkazo kwa wenye gari la pamoja: anzeni na sababu. Ukianza na amri, kila dereva atarudi kwenye tabia yake siku ambayo haupo.

Tulikubaliana gari liachwe kwenye gia daima, milimani na tambarare, na handibreki ivutwe daima, hata na asiyeiamini. Mzee aliuliza kwa nini tambarare. Shemeji ndiye aliyejibu: ili mkono usiwe na mambo mawili ya kukumbuka. Jiwe linabaki kwa milima. Na kuwasha ni kwa aliyeketi kitini, klachi ikiwa chini, hata akitaka kusikiliza redio tu, kwa sababu ufunguo ni uleule na mkono huteleza. Kwenye steji kubanana, shemeji hukaa karibu na gari lake.

Namna ya kuwasha tunayoifuata sasa haina haraka. Handibreki, klachi hadi chini, tikisa gia na ulirudishe kwenye fri. Zungusha ufunguo hadi taa ziwake na usubiri kidogo. Utasikia pampu ya petroli nyuma ikivuma kwa kama sekunde mbili kisha inyamaze. Kwa gari la dizeli, subiri taa yenye alama ya springi izime. Kisha piga stata, na usiishikilie zaidi ya sekunde kumi. Ikikataa, pumzisha betri nusu dakika ndipo urudie. Wengi huua stata kwa hasira. Ikiwaka, tazama taa ya oili imezima. Achia klachi polepole ukiwa bado kwenye fri, na kama kulikuwa na gia uliyodhani umeitoa, hapo utaisikia ikianza kuvuta huku mguu wako ungali juu ya pedali. Usikanyage mafuta kwa nguvu injini ingali baridi.

Kuondoka kwenye mlima ni somo lake, na hapo madereva wengi wazuri huharibu pesa. Kwenye jamu ya kupanda kutoka Mamboleo utawaona wamelishika gari kwa klachi na mafuta, halirudi wala haliendi. Ustadi huo unapendeza macho, lakini ile harufu ya kuungua inayoingia dirishani ni pleti ya klachi ikisagika. Sisi tuliibadilisha mapema kuliko ilivyopaswa, na kubadilisha klachi maana yake ni kushusha giaboksi nzima. Vuta handibreki, toa gia, pumzisha mguu. Njia ikifunguka, tia namba moja, inua klachi hadi pua ya gari iinuke kidogo, ongeza mafuta, ndipo ushushe handibreki. Waya wa handibreki ukiwa umelegea huwezi kufanya hivi, na ndiyo sababu watu huangukia kwenye klachi. Kuukaza ni kazi ndogo kwa fundi.

Kuhusu kusukuma gari lililokataa: ni msaada mkubwa wa magari ya gia, na huku kwetu vijana wa kusukuma hawakosekani. Ufunguo uwe umewashwa, si kwa sababu ya umeme tu bali pia usukani usijifunge ukiwa mwendoni. Klachi chini, gia ya pili, si ya kwanza, kwa sababu ya kwanza hukaza magurudumu na kulishtua gari. Likipata mwendo, achia klachi ghafla, na likishika tu uikanyage tena. Wanaosukuma wawe nyuma na pembeni. Mtu asikae mbele kuelekeza. Na kama betri imekufa kabisa hata taa haziwaki, msijichoshe, kwa sababu pampu ya petroli na kompyuta za magari haya zinahitaji umeme.

Limebaki jambo la watu wa nje. Gari lako la gia likienda kuoshwa, au gereji, au mgeni akiomba kulisogeza getini, anayelishika hajui umeliachaje, na vijana wengi hulisogeza kwa kuwasha wakiwa wamesimama mlangoni. Mimi huondoka na ufunguo. Likihitaji kusogezwa, waniite. Kwa fundi haiwezekani, kwa hiyo namwambia kwa mdomo wangu, kila mara, hata kama ameshanisikia: "Nimeliacha kwenye gia ya kwanza, handibreki iko juu, na stata yake inataka klachi. Likiwaka bila klachi, usilitumie, nipigie simu."